Faili la XML lisikulaze mpakani

Mfanyabiashara wa mpakani amezoea kulala njiani kwa sababu anazozijua. Mvua imeharibu barabara, mizani imekataa gari, au karatasi ya mkaguzi wa mimea haijagongwa muhuri. Miaka hii imeongezeka sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Lori limefika, mzigo ni halali, pesa za ushuru zipo, lakini faili lililotakiwa kuingia kwenye kompyuta limekataliwa kwa kukosa alama moja iliyo ndogo kuliko punje ya ulezi. Dereva analala chini ya lori lake na vitunguu vinaanza kutoa maji.

Mara nyingi faili hilo ni la XML, na mara nyingi aliyeliharibu hakufanya uzembe wowote. Alilifungua kwa programu isiyofaa, basi.

Kazi yangu hapa Kigali ni kuwawekea watu wa biashara kompyuta na kuwaonyesha namna ya kuzitumia. Wateja wangu wengi ni watu waliorudi nyumbani kama mimi, na kila mmoja amerudi na lugha ya shule aliyosomea: huyu Kiingereza cha Kampala, yule Kifaransa cha Bukavu au Bujumbura, sisi wa Ngara na Karagwe Kiswahili chetu. Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi halihusu virusi wala mashine ya kuchapa. Ni hili: nitumie programu ipi kufungua faili hili bila kuliharibu? Wanaouliza si mafundi. Ni makatibu wa ushirika, makarani wa mawakala wa forodha, akina mama wenye stoo za maharage. Nimeona heri niwajibu kwa pamoja.

Ndugu msomaji, kwanza tuelewane XML ni kitu gani. Ni namna ya kuandika habari kwa maandishi ya kawaida, kila habari ikiwa imefungiwa ndani ya lebo zake. Uzito wa mzigo unaweza kuandikwa hivi: <uzito>2700</uzito>. Lebo ya kwanza inafungua gunia, na ya pili, yenye mkwaju, inashona mdomo wake. Gunia linaweza kuwekwa ndani ya gunia kubwa zaidi, ila la ndani sharti lishonwe kabla ya la nje. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa vitu viwili tofauti. Ukifungua kwa "Uzito" ukafunga kwa "uzito", gunia bado liko wazi.

Kanuni hizo zilitolewa tarehe 10 Februari 1998 na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya tovuti duniani, na ukali wake ni wa makusudi. Programu inayosoma XML ikikutana na kosa la uandishi imeamriwa isimame, isibahatishe. Ukurasa wa kawaida wa intaneti ukiwa na makosa, kompyuta hujitahidi kuuonyesha hivyo hivyo. XML haina huruma hiyo. Kwa mambo ya forodha ni jambo jema, maana hakuna anayetaka kompyuta ikisie uzito wa mzigo wake. Lakini kwa karani aliyefuta alama moja bila kujua, ni balaa.

Wale wanaovuka na mzigo mdogo wasibabaike. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani zina utaratibu wake mwepesi, pamoja na cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Anayebeba mafungu ya dagaa na kreti za nyanya hana haja ya kusumbua kichwa na lebo.

Mambo hubadilika mzigo unapojaza lori. Hapo anaingia wakala wa forodha mwenye leseni, naye hupeleka tamko la mzigo kwa kompyuta. Rwanda, Uganda, Burundi na Kongo zote ziliingiza ASYCUDA World, mfumo uliotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Wenzetu waliosoma Kifaransa wanauita SYDONIA. Mfumo huo unamruhusu wakala kuhifadhi tamko kama faili la XML katika kompyuta yake na kulirudisha baadaye. Hapo ndipo ujanja wa kazi ulipozaliwa. Kama ushirika unaleta mchele uleule kutoka kwa muuzaji yuleyule kila wiki, kwa nini karani aandike upya kila kitu? Anachukua faili la wiki iliyopita, anabadili uzito, thamani, namba ya ankara na namba ya gari, kazi imekwisha. Mawakala wengine wamekwenda mbele zaidi: wanampa mteja kielelezo cha faili la ankara na orodha ya mzigo, mteja ajaze mwenyewe na kulituma kabla lori halijaondoka.

Ni utaratibu mzuri unaookoa saa nyingi. Ila sasa faili limetoka mikononi mwa fundi na kuingia mikononi mwa mtu aliyejifunza kompyuta kwa kuandika barua.

Programu zilizopo mezani

Mtu huyo atatumia alichonacho. Akibofya faili mara mbili, kwa kawaida litafunguka kwenye programu ya kuperuzi intaneti, ambayo inaonyesha lakini haikuruhusu kubadili kitu. Basi atajaribu Word. Word ni hodari wa kuandika barua, na kwa sababu hiyohiyo haifai hapa: inageuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, ambazo ni nzuri machoni lakini XML haizikubali mahali pa alama zake. Notepad ya Windows haigeuzi kitu, hilo ni la kusifiwa, lakini pia haimlindi mtu. Futa mkwaju, nayo itahifadhi faili bila kusema neno.

Anayenitia hofu zaidi ni Excel, kwa kuwa kila mtu anaiamini. Sikiliza jambo hili vizuri wewe unayefanya biashara ya chakula. Namba za bidhaa za kimataifa, zile za HS, zimepangwa kwa sura, na sura za 01 hadi 09 ndizo zenye mizigo yetu ya kila siku: wanyama hai, nyama, samaki, maziwa na mayai, maua, mboga, matunda, kahawa na chai. Maharage ya kawaida yaliyokaushwa ni 071333. Excel ikiona 071333 inadhani ni hesabu, na kwa kuwa katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi, inaitupa. Inabaki 71333. Sura ya 71 ni ya lulu, vito na dhahabu. Kahawa ambayo haijakaangwa, 090111, inageuka 90111, na sura ya 90 ni ya darubini na vifaa vya hospitali. Faili likikataliwa papo hapo una bahati. Likipita mkononi mwa mtu anayejaza sifuri mahali pasipo pake, utaeleza mwenyewe kwa nini maharage yako yamekuwa dhahabu.

Si hayo tu. Excel hushika tarakimu 15 za namba na zinazozidi inazigeuza sifuri, hivyo namba ya akaunti yenye tarakimu 16 haitoki salama. Ankara namba 3-5 inaigeuza kuwa tarehe. Dawa ipo: kabla ya kuandika, chagua safu nzima na kuipa muundo wa maandishi badala ya namba. Lakini ni nani anayekumbuka hayo saa kumi na moja alfajiri, lori likinguruma uani?

Tangu toleo la mwaka 2003, Excel inaweza kuunganishwa na kanuni za faili la XML ili mtu ajaze majedwali nayo itoe faili. Nimeitumia kwa orodha nyepesi za bidhaa na ilifanya kazi. Tatizo ni pale orodha inapokuwa na orodha nyingine ndani yake, kwa mfano malori matatu, kila lori na bidhaa zake. Hapo Excel inakataa kutoa faili.

Nilivyowapima wateja

Njia yangu ya kuchagua programu haina siri. Namketisha mteja mbele ya kompyuta, nampa ankara halisi na faili lake, namwomba abadili uzito na namba ya gari. Kisha nanyamaza. Sigusi kibodi wala sielekezi kidole. Dakika kumi za ukimya zinafundisha kuliko matangazo yote ya kampuni. Natazama vidole vinakwenda wapi kwanza, anaposita, na hasa anapokosea, kama programu inamwambia kosa kwa namna anayoelewa au inamtupia maneno ya kitaalamu.

Nilianza na zile kubwa, XMLSpy ya Austria na oXygen ya Rumania. Fundi akizitumia hatamani kurudi nyuma. oXygen ina hata sura inayofanana na ukurasa wa Word, lebo zikiwa zimefichwa. Lakini leseni ya kazi ni mamia ya dola kwa mtu mmoja, na sura ile nzuri lazima fundi aiandae kwanza kwa kila aina ya faili. Makarani niliowaketisha hapo waliona vitufe vingi wakarudisha mikono mapajani. Sikuona sababu ya kuuhangaisha ushirika kwa gharama hiyo ili kubadili namba nne kwa wiki.

Notepad++, iliyopo tangu 2003, ni ya bure, nyepesi, inapaka lebo rangi na kumwonyesha mtu lebo ya kufungia iko wapi. Mimi naitumia kila siku. Simpi mteja, kwa kuwa lebo zote ziko wazi mbele yake kama nyaya za umeme zisizofunikwa.

XML Notepad ya Microsoft ndiyo iliyonishangaza. Isichanganywe na Notepad ya kawaida. Hii ni programu nyingine, nayo ni ya bure. Ilizaliwa miaka ya mwisho ya 1990, ikaandikwa upya na kutolewa tena mwaka 2006. Upande wa kushoto inaonyesha mti wa majina: mwenye mzigo, gari, bidhaa, uzito. Upande wa kulia ni thamani ya kila jina. Mteja anashuka kwenye mti hadi penye uzito, anavuka kulia, anaandika. Mkwaju na mabano hayaoni kabisa, hivyo hawezi kuyafuta. Katibu mmoja wa ushirika wa mchele, mzee aliyeanza kutumia kompyuta akiwa na wajukuu, alimaliza zoezi kabla chai haijapoa.

Ina kasoro mbili. Inafanya kazi kwenye Windows tu. Na mtu akibonyeza kitufe cha kufuta wakati amesimama kwenye tawi, tawi zima linaondoka na matunda yake. Kinga ni kuipa faili la kanuni, ambalo mafundi wanaliita skima. Skima inasema: kila mzigo lazima uwe na uzito, uzito lazima uwe namba, nchi lazima itoke kwenye orodha hii. Tawi likipotea, chini ya dirisha kinatokea kilio. Kilio chenyewe ni cha Kiingereza, kwa hiyo nimewabandikia wateja karatasi ukutani yenye tafsiri ya vilio vile vinavyojirudia. Havizidi sita.

Kwa makarani wa mawakala, wanaofungua mafaili mengi kwa siku, mara nyingine yenye maelezo marefu, nimependelea XML Copy Editor. Ni ya bure pia, na inakwenda kwenye Windows na Linux. Faili linaonekana zima kama maandishi, lakini kuna uwezo wa kufunga lebo kwa kufuli: unaweza kubadili maneno yaliyo kati ya lebo, ila lebo zenyewe hazigusiki. Inapima pia faili dhidi ya skima. Karani kijana aliizoea siku hiyohiyo. Mzee wa mchele hakuipenda hata kidogo.

Kisha kuna wale ambao hakuna programu ya aina hii inayowafaa, na sioni aibu kusema hivyo. Mama mmoja mwenye stoo Nyabugogo aliniambia bila kuzunguka: "Mwanangu, mimi nataka pahali pa kuandika kilo. Hayo mengine yafiche." Alikuwa na haki. Kwake nilitengeneza fomu: ukurasa mmoja unaofunguka kwenye kompyuta yake bila kuhitaji intaneti, wenye nafasi saba za kujaza na kitufe kimoja kinachotoa faili. Kazi ilinichukua siku mbili. Mtu anayeuliza programu ipi rahisi ya XML, mara nyingi haulizi habari za XML hata kidogo.

Ukiamua kwenda njia ya fomu, tahadhari na kampuni inayokufungia ndani. Microsoft ilileta InfoPath mwaka 2003 kwa kazi hii hasa, nasi mafundi tukaishangilia. Mwaka 2014 ikatangaza kwamba hakutakuwa na toleo jipya tena baada ya lile la 2013. Waliokuwa na mafaili yao ya XML hawakupoteza habari zao, maana ni maandishi yanayosomeka popote. Waliopoteza ni fomu.

Majina na koma

Kuna adui wengine wawili ambao ni wa kwetu hasa, watu wa mipaka na lugha nyingi.

Wa kwanza ni alama ya "&". Tunapenda kuandika majina ya biashara kama "Fulani & Sons" au "Fulani & Fils". Katika XML alama hiyo ina kazi yake maalumu, na ukiiandika hivi hivi faili zima linakataliwa. Inatakiwa kuandikwa &amp; kwa kirefu. XML Notepad hukufanyia hilo yenyewe, na fomu iliyotengenezwa vizuri pia. Notepad ya kawaida haifanyi. Herufi za Kifaransa zenye alama juu yake nazo zina kisa chao: faili likihifadhiwa kwa utaratibu mmoja na kusomwa kwa mwingine, "Société" inatoka "SociÃ©tÃ©" au kitu kibaya kuliko hicho, na jina kwenye tamko halilingani tena na jina kwenye ankara. Kila programu unayopewa, hakikisha inahifadhi kwa UTF-8, na mstari wa kwanza wa faili useme hivyo.

Wa pili ni koma. Aliyesoma Kampala anaandika 2,700 akimaanisha elfu mbili na mia saba. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa inaisoma mbili nukta saba. Nimewaona watu wawili ofisi moja, mmoja karudi kutoka Uganda na mwenzake kutoka Burundi, wakibishana asubuhi nzima juu ya uzito wa mzigo mmoja, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa shule yake. Kwa faili la XML kanuni ni moja: usiweke koma wala nafasi kwenye maelfu, na sehemu ya chini ya moja itenganishwe kwa nukta. Skima inayodai namba ya desimali itaikataa koma, nayo ni sababu nyingine ya kutokubali kielelezo kisicho na skima.

Skima yenyewe iandikwe na mtu anayejua biashara, si kompyuta tu. Wanaorudi nyumbani na gari, ambao sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inawapa nafasi ya kuingiza gari moja walilolimiliki na kulitumia ng'ambo kwa angalau miezi 12, wanalijua suala la namba ya chesisi. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haina kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Skima nzuri inazikataa herufi hizo na kuokoa makosa mengi. Lakini niliwahi kuletewa kielelezo ambacho mtengenezaji wake aliishia hapo, akilazimisha herufi 17 kwa kila gari. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi kuliko hiyo, mara nyingi yenye kistari katikati, na magari ya namna hiyo yamejaa barabara zetu. Kielelezo chake kilikuwa kinamlazimisha karani kubuni tarakimu ili kompyuta imwachie.

Skima haiwezi kujua ukweli. Ukiandika 2700 badala ya 27000 itapita bila neno. Unaweza kuiwekea mipaka, kwa mfano uzito wa gari na mzigo wake usizidi tani 56, ambazo ndizo kikomo cha Jumuiya, lakini namba ndogo iliyokosewa itakupita. Kwa hilo hakuna programu inayoshinda watu wawili, mmoja akisoma ankara kwa sauti na mwingine akitazama kioo. Baada ya hapo, buruta faili kwenye Firefox. Kama limevunjika itakuonyesha mstari na mahali lilipovunjika. Kama ni zima utaona mti wake. Ni kipimo cha bure, cha nusu dakika, na hakihitaji mtandao.

Kielelezo nacho kiwekewe ulinzi wa kusomwa tu, asiwepo wa kuandika juu yake, na kila mzigo upate nakala yake yenye tarehe na namba ya gari kwenye jina la faili. Andika pia kimetengenezwa lini. Tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ilianza kutumia orodha mpya ya ushuru wa pamoja, iliyofuata mabadiliko ya HS ya mwaka huo, na baadhi ya namba za zamani hazikuwepo tena. Programu zote nilizozitaja hapa zingefungua kielelezo cha 2021 bila malalamiko. Wateja wangu sasa nawapigia simu wiki ya mwisho ya Juni, bajeti zikishasomwa, tupitie namba za bidhaa zao moja moja kabla lori la kwanza la Julai halijapakiwa.